Kula Vizuri kwa Fedha Kidogo: Mafunzo kutoka Kando ya Ziwa Viktoria



Kila mkulima wa karafuu ajua kwamba mwaka una miezi ya neema na miezi ya dhiki. Karafuu zikisha kuchumwa, zikaanikwa na kupelekwa kituoni, fedha huingia mkononi kwa mara moja, na siku hizo nyumba nyingi hula nyama, samaki wakubwa na mchele mzuri. Lakini mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka, na hata mwaka ukiwa mwema, fedha za msimu hazidumu. Miezi ikipita, mwenye duka huanza kuandika deni, na kitoweo huwa cha kubahatisha. Hapo ndipo utakaposikia watu wakisema, "Tutakula vizuri tukipata."

Makala haya yataka kuonyesha kwamba neno hilo si kweli tupu. Fedha zina kazi yake, hatukatai. Lakini nyumba yenye fedha kidogo yaweza kula vizuri kuliko nyumba yenye fedha nyingi, ikiwa yajua chakula gani hujenga mwili kwa bei ndogo, wakati gani wa kukinunua, na namna ya kukiweka kisiharibike. Kwa mfano wetu tumewachukua ndugu zetu wa Mwanza na vijiji vya kando ya Ziwa Viktoria. Tumewachagua kwa sababu mbili. Kwanza, wao kama sisi wana mali inayouzwa ng'ambo, na mara nyingi walioitoa majini huibakishia nyumba sehemu ndogo tu. Pili, ni mafundi wa kukausha chakula kwa jua, na kazi ya kuanika hakuna asiyeijua miongoni mwetu.

KUSHIBA NA KUSTAWI

Kwanza yafaa tukumbushane jambo moja. Mwaka 2022 ulifanywa uchunguzi mkubwa wa afya ya watu katika Tanzania nzima. Ilionekana kwamba katika kila watoto 10 walio chini ya umri wa miaka 5, watoto 3 wamedumaa, yaani kimo chao ni kifupi kuliko ipasavyo umri wao. Mtoto aliyedumaa si mfupi tu wa mwili, bali mara nyingi na akili yake huchelewa, na shuleni huwa nyuma ya wenziwe.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba mkoa ulioonekana kuwa na hali mbaya kuliko mikoa yote ulikuwa Iringa, ambako zaidi ya nusu ya watoto walikuwa wamedumaa. Na Iringa si nchi ya njaa! Mahindi yake hulisha watu wa miji mingi. Sababu za kudumaa ni nyingi. Kuna maradhi, kuna maji machafu, kuna na mama kuelemewa na kazi. Lakini sababu moja kubwa ni kumjaza mtoto tumbo kwa uji na ugali mtupu, bila ya kitoweo, mboga wala matunda.

Basi chakula kamili kina mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la kutia nguvu: muhogo, viazi, ndizi, wali, ugali, na mafuta. La pili ni la kujenga mwili: samaki, mayai, maziwa, nyama, maharage, kunde, choroko. La tatu ni la kulinda mwili: mboga za majani na matunda. Fedha zikipungua, watu wengi hushikilia fungu la kwanza na kuyaacha mawili yaliyobaki, kwa kudhani kuwa hayo ni ya matajiri. Sasa tuone watu wa Ziwa wafanyavyo.

SAMAKI WA KUUZA NA SAMAKI WA KULA

Samaki mashuhuri wa Ziwa ni sangara. Hakuwa mwenyeji wa maji yale. Aliingizwa katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, na ilipofika miaka ya 1980 alikuwa ameongezeka mno. Aliwala samaki wadogo waitwao furu, ambao hapo zamani ndio waliokuwa kitoweo cha kila siku, hata aina nyingi za furu zikatoweka. Katika miaka ya 1990 vikajengwa viwanda mjini Mwanza vya kukata minofu na kuipeleka Ulaya na kwingineko. Sangara akawa mali. Kwa sato ni hivyo hivyo: yeye ni mtamu sana, lakini hoteli na watu wa mijini humnunua kwa bei ambayo mvuvi mwenyewe huona hasara kumpika.

Minofu ilipokwenda ng'ambo, vilivyobaki ni vichwa na mifupa yenye nyama kidogo, navyo watu wa Mwanza huviita mapanki. Hukaangwa au hukaushwa kwa moshi, na kuuzwa kwa watu wa kipato kidogo. Panki likiwa bichi na safi si la kudharauliwa, maana kichwa cha sangara kina nyama na mafuta. Lakini likisha kuoza haliponywi na mafuta ya moto wala moshi.

Sasa lililo kubwa ni hili. Katika ziwa lile lile yuko samaki mwingine, mdogo kama kidole, ambaye hakupewa sifa yoyote. Naye ni dagaa. Wakenya humwita omena, na Waganda mukene. Siku hizi sangara amepungua, na dagaa ndiye avuliwaye kwa uzito mkubwa kuliko samaki wengine wote wa ziwani. Wapo watu waliomwita chakula cha maskini, wakaona haya kumwandalia mgeni. Lakini ukimpima kwa faida ya mwili, shilingi kwa shilingi, dagaa humshinda sangara.

Sababu yake ni nyepesi. Sangara huliwa mnofu tu, na mwiba hutupwa. Dagaa huliwa mzima, kichwa, mwiba na vyote vilivyomo, na katika mwiba ndimo yalimo madini yajengayo mifupa na meno. Mna pia madini ya chuma, ambayo huongeza damu kwa mama mja mzito na kwa mtoto. Tena akisha kukauka maji yamekwisha kutoka, kwa hiyo kilo moja ya dagaa mkavu ina chakula cha kujenga mwili mara mbili au zaidi kuliko kilo ya samaki mbichi. Wenye kutengeneza chakula cha kuku wamelijua jambo hili zamani. Wao hununua dagaa kwa magunia. Haifai kuku apewe dagaa anenepe, na mtoto wa nyumba ile ile apewe chai na mkate mtupu.

KUMNUNUA DAGAA NA KUMPIKA

Dagaa wa Ziwa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, na sasa zatumika pia taa za betri na za nguvu ya jua. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawakusanyiki kwenye taa, na wavuvi wengi hupumzika. Basi mama wa Mwanza mwenye hesabu zake huenda soko la Kirumba, au mwaloni kwa wavuvi, siku za giza, wakati dagaa ni wengi na bei imeshuka. Hununua kwa sado, yaani kopo la rangi la lita 4, au kwa ndoo, akaweka wa kumtosha mpaka giza jingine. Anunuaye kifungu kidogo kila siku hulipa zaidi mwisho wa mwezi, kwa dagaa walio sawa.

Sisi wa visiwani nasi tuna dagaa wetu wa bahari, ambaye huvuliwa kwa taa vivyo hivyo, huchemshwa kwa maji ya chumvi na kuanikwa, na wafanyabiashara humpeleka bara mpaka Kongo. Mambo yanayosemwa hapa juu ya dagaa wa Ziwa yamhusu na yeye.

Katika kuchagua, tazama mambo matatu. Dagaa mwema ana rangi ya fedha inayong'aa na harufu nzuri. Aliyegeuka manjano au mwenye harufu ya mafuta ya zamani ameharibika. Awe mkavu wa kuvunjika, maana mwenye unyevu huota ukungu katika gunia. Tatu, asiwe na mchanga. Kando ya Ziwa wengi bado huanika juu ya mchanga au mawe, lakini wapo wanaotumia vichanja vya wavu vilivyoinuliwa juu ya ardhi. Dagaa wa kichanja hukauka upesi, tena huwa safi. Mkulima wa karafuu hahitaji kufundishwa hilo. Aanikaye juu ya udongo mtupu na aanikaye juu ya jamvi safi hawapati daraja moja.

Mapishi yake ni haya. Kwa watu 6 twaa robo kilo ya dagaa wakavu. Wachambue, uwaoshe upesi mara mbili au tatu kwa maji ya vuguvugu, uwachuje. Wakaange kidogo kwa mafuta machache mpaka waanze kunukia. Tia kitunguu na nyanya, kisha tui la nazi au karanga zilizotwangwa, uache vichemke. Mwisho tia matembele au mchicha uliokatwa, na usiipike mboga kwa muda mrefu. Ukiepua, kamua limau. Limau hilo si la ladha tu, kwani husaidia mwili kuyapokea madini ya chuma. Kwa sababu hiyo hiyo chai isinywewe pamoja na chakula. Ingoje saa moja au mbili, maana huyazuia madini hayo.

Kwa mtoto aliyetimiza miezi 6 na kuanza kulishwa, dagaa safi waliokaangwa bila chumvi hutwangwa na kuchekechwa wawe unga laini. Wale wetu waliochemshwa kwa maji ya chumvi waloweshwe kwanza na kubadilishiwa maji, ndipo wakaushwe tena. Kijiko kimoja cha unga huo ndani ya uji, pamoja na tone la mafuta au tui, huugeuza uji mtupu ukawa chakula. Maziwa ya mama yaendelee mpaka mtoto atimize miaka 2 au zaidi.

AKIBA YA WASUKUMA

Wasukuma, ambao ndio wengi katika nchi ya Mwanza, wana akiba tatu za kiangazi, nazo hazihitaji jokofu wala umeme.

Ya kwanza ni michembe. Viazi vitamu vikisha kuvunwa, humenywa, hukatwa vipande vyembamba vikiwa vibichi, na kuanikwa juani mpaka vikauke kabisa. Ya pili ni matobolwa. Haya ni viazi vile vile, lakini huchemshwa kwanza, ndipo vikakatwa na kuanikwa. Michembe hupikwa baadaye, mara nyingi pamoja na karanga. Matobolwa huweza kuliwa hivyo hivyo, na mtoto aendaye shule huyatia mfukoni. Viazi vibichi vikirundikana sokoni, bei yake huwa ya kutupa, tena huoza na kuliwa na fukusi. Aliyevikausha huvila miezi ile ambayo wengine wanatafuta unga wa kununua. Wahenga walisema, akiba haiozi.

Ya tatu ni nsansa, yaani majani ya kunde yaliyochemshwa kidogo na kukaushwa. Yakitiwa karanga huwa kitoweo kizuri wakati bustani zimekauka. Hapa yafaa tuongeze neno moja: majani yaanikwe kivulini penye upepo, yasiachwe kwenye jua kali, maana jua huunguza sehemu kubwa ya vitamini A.

Juu ya viazi pia, Mwanza wana jambo jingine la kuigwa. Karibu na mji huo pana kituo cha utafiti cha Ukiriguru, ambacho kilipata jina kwa mbegu za pamba zilizoitwa UK. Watafiti katika Kanda ya Ziwa wameshughulika pia na viazi vitamu, na yapata mwaka 2010 palikuwa na mpango ulioitwa Marando Bora, wa kuwapa wakulima mbegu safi za marando. Miongoni mwake zilikuwamo za viazi vyenye nyama ya rangi ya chungwa, ambavyo siku hizi huitwa viazi lishe. Rangi hiyo ni alama ya vitamini A, inayolinda macho na kumsaidia mtoto kushindana na maradhi. Kiasi cha gramu 125, yaani kiazi kimoja kidogo, chaweza kumtosheleza mtoto mdogo kwa siku nzima. Viazi vyetu vyeupe hushibisha, lakini vitamini hiyo hawana. Mwanachama mwenye kipande cha ardhi kisichofunikwa na mikarafuu na amwulize Bwana Shamba wake jinsi ya kupata marando ya namna hiyo.

TAHADHARI JUU YA MUHOGO

Hatuwezi kuusifu muhogo bila ya kueleza hatari yake. Mwaka 1985, wakati wa ukame, katika wilaya ya Tarime, mkoa wa Mara, watu walipatwa na ugonjwa wa ghafula. Mtu aliyekuwa mzima hulala, akaamka na miguu imekakamaa hawezi kutembea. Wengi wao walikuwa watoto na akina mama. Ugonjwa huo huitwa konzo, jina lililotoka Kongo, na kilema chake hakiponi.

Madaktari walipochunguza, walikuta kwamba wagonjwa walikuwa wamekula muhogo mchungu kwa majuma mengi. Muhogo huo una sumu, lakini ukiloweshwa, ukavundikwa na kukaushwa kwa siku za kutosha, sumu hutoka. Njaa ilipobana, watu walizipunguza siku hizo. Tena walikuwa hawana kitoweo, na mwili usiopata chakula cha kujenga mwili hauna nguvu ya kuiondoa sumu iliyobaki. Kwa maneno mengine, waliodhurika ni wale waliokula muhogo usiotengenezwa vizuri, na hawakupata samaki, maharage wala mayai ya kula nao.

Muhogo wetu mwingi ni mtamu, wala hatusemi watu wauogope. Lakini anunuaye unga wa muhogo au makopa asiyoyajua asili yake, na afanye hivi: auchanganye unga na maji mpaka ulowe, autandaze juu ya sinia au mkeka safi usizidi unene wa sentimita 1, auache saa 2 juani au saa 5 kivulini, kisha aupike siku hiyo hiyo. Sumu huruka na hewa. Njia hii imekwisha kutumiwa Kongo, katika vijiji vilivyokuwa na konzo. Na kisamvu kitwangwe vizuri, kichemshwe sana. Zaidi ya hayo, muhogo usiliwe peke yake siku baada ya siku.

MPANGO WA JUMA MOJA

Hapa twatoa mfano wa chakula kikuu cha kila siku kwa nyumba ya kisiwani. Kila mmoja aubadilishe kwa kadiri ya shamba lake na bei za soko lake.

Jumamosi: muhogo wa nazi, dagaa wa kukaanga, mchicha.
Jumapili: ugali wa dona, maharage, matembele.
Jumatatu: ndizi mbichi kwa dagaa na nyanya, kipande cha papai.
Jumanne: wali, mchuzi wa choroko, mchicha wenye limau.
Jumatano: viazi vitamu, kunde za nazi, kisamvu.
Alhamisi: shelisheli au majimbi, dagaa wa tui, matembele.
Ijumaa: wali, samaki mbichi wa bei ya siku hiyo, kachumbari, embe au chungwa.

Mtaona kwamba samaki mbichi amenunuliwa siku moja tu, lakini hakuna siku iliyokosa chakula cha kujenga mwili wala mboga. Majani yote hayo huota nyuma ya nyumba kwa maji ya kuoshea vyombo yasiyo na sabuni. Kunde na choroko zikinunuliwa kwa pishi baada ya mavuno ni rahisi kuliko zikinunuliwa kwa kikombe wakati wa uhaba. Na unga wa dona una faida kuliko sembe nyeupe, kwa kuwa kiini cha hindi hakikutupwa. Ila ununuliwe wa muda mfupi, maana hauwekeki sana.

Lipo na suala la mayai. Katika nyumba nyingi kuku hutaga, mayai yakauzwa, na kwa fedha hizo watoto wakanunuliwa biskuti na soda. Hesabu hiyo ni ya hasara. Kuuza mayai si vibaya, lakini mtoto mdogo na mama mja mzito wapate sehemu yao kwanza, ndipo yaliyobaki yaende sokoni. Vivyo hivyo kwa mvuvi wa Mwanza na sangara wake, na kwa sisi sote na mali zetu.

Mwisho twasema na mabwana, maana mara nyingi wao ndio washikao fedha za karafuu. Fedha za msimu zikiingia, kabla ya kununua kitu cha fahari, ondoeni kwanza sehemu ya chakula. Nunueni kunde, choroko na maharage ya miezi 3, myachunguze yasiwe na wadudu, myatie ndani ya mapipa yenye vifuniko. Giza likiingia na dagaa wakishuka bei, nunueni wakavu wa mwezi mmoja. Mkabidhini mama wa nyumba akiba hiyo, mshauriane naye, maana ndiye ajuaye chungu kinataka nini. Na jamvi la karafuu likisha kutoa kazi yake, lioshwe, likaushwe, lianikwe viazi na majani. Aliye na mbegu ya viazi lishe na awagawie jirani zake marando wakati wa mvua, kwani rando halimgharimu kitu mwenye kulikata.